Lugha ya Watu Kumi na Mmoja

Ndugu yangu alifungwa kwa sababu ya lugha niliyoitunga mimi. Wapo watakaosema sivyo, kwamba alifungwa kwa kuchoma banda la ngoma kule Ilala na mzee mmoja akafia ndani. Hakuchoma. Aliyechoma namjua, walionyamaza nawajua, na baadhi yao nakutana nao mpaka leo sokoni Kariakoo wanabonyeza nyanya. Majina yao sitayaandika, kwa kuwa majina hayo sasa yana wajukuu ambao hawakumkosea mtu. Nitawataja kwa vyeo walivyojivika wenyewe enzi zile, na kila mwenye cheo atajijua.

Wakati huo Mwingereza ndiye anatawala, na mji huu ulikuwa umegawanyika kwa ngoma. Ukizaliwa mtaa huu wewe ni wa chama hiki, ukiolewa mtaa ule unavutana na mumeo. Kila chama kilikuwa na Kingi wake, Jemadari wake, karani wake, na askari wa kujitia waliopiga kwata kwa fimbo. Siku ya Idi vyama viwili vinatoka, vinapita mitaani kwa nyimbo, na mji unaamua nani kamvua nguo mwenzake. Wimbo ukiwa mpya, umeshinda. Wimbo ukivuja kabla ya Idi, wenzenu wanautungia jibu, na mnapofika mnakuta jibu linawasubiri, mnabaki kusimama kama watu waliosahau walichotumwa.

Sisi tulivujiwa Idi mbili mfululizo. Tulikuwa tunapeana maneno kwa kinyume, ule usemi wa kugeuza, nyumba unasema mbanyu. Lakini kinyume hata watoto wanaochota maji bombani walikijua. Kingi wetu akafura. Alikuwa mtu wa ukoo wa Kiarabu, mwenye duka la kona upande wa Msimbazi, mpole wa sauti, na upole ule ndio uliotutisha. Akatukusanya barazani kwake akasema, "Nataka usemi ambao hata jini akipita asiuelewe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza.

Nilikuwa na miaka kama ishirini. Shule sikuiona, nilisoma chuoni tu, Kurani, mpaka baba alipofariki nikatolewa nimsaidie mama kupika. Mama alikuwa akipikia watu waliokuwa hawana wake, na chakula cha mchana nilikipeleka mimi, beseni kichwani, hadi nyumba moja ya Gerezani karibu na karakana za reli. Mle walipanga watu wawili. Mmoja alikuwa fundi wa mitambo, Mtamili wa upande wa Madrasi. Ukimwita Mhindi alikubali, lakini Wahindi wa madukani alikuwa haelewani nao lugha hata kidogo. Wa pili alikuwa mzungu wa ajabu, Mfini, mchocheaji wa moto melini aliyeshushwa bandarini akiwa mahututi kwa homa, na meli ikaondoka. Wazungu wenzake hawakumtaka mjini kwao kwa kuwa hakuwa na viatu vya kueleweka. Akapata kazi ya kuchochea moto wa bwela, lile pipa la mvuke, penye mashine ya kupasua mbao, akapanga chumba kando ya fundi. Hao wawili walizungumza kwa Kiswahili, tena Kiswahili kibovu, na kila mmoja akimcheka mwenzake.

Nilikuwa nikikaa mlangoni nikisubiri sahani, nawasikia. Kila mmoja akichoka na Kiswahili anajisemea kwao. Fundi alikuwa akikunja ulimi nyuma, ncha inagusa paa la kinywa, halafu anauachia. Ta yake ilikuwa nzito kuliko yetu na la yake ilitoka kooni kama tonge lililokwama. Mfini hakukunja kitu. Yeye alivuta sauti mpaka unadhani amesahau analolisema, kisha anaifikia herufi anaiegemea, kama mtu aliyefunga mlango na kukaza mgongo. Nikatambua kitu. Ndivyo mwalimu wa chuoni alivyotufundisha, hapa vuta, hapa kaza, madda na shadda. Mmoja katoka penye barafu, mwingine penye jua, na wote wanavuta na kukaza, ilhali Kiswahili chetu kinakwenda mbio kama maji ya mtaro.

Nikamuuliza fundi, "Kwenu nyumba mnaitaje?"

"Viidu."

"Na ukiwa ndani yake, nyumbani?"

"Viittil."

Mfini akaacha kutafuna. "Kwetu, talo. Nyumbani, talossa."

"Nyote mnatia mkia," nikasema.

"Hata ninyi," akasema fundi. "Nyumba, nyumbani. Mkia mmoja. Mnaogopa kuongeza?"

"Kwetu mikia kumi na tano," akasema Mfini.

"Kumi na tano ya nini, bwana?"

"Baridi, binti. Miezi mingi ndani. Hakuna kazi nyingine."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa na mchuzi.

Nikawaambia ninachokitaka, maana hawakuwa watu wa ngoma na hawakuwa na wa kumwambia. Kwa miezi minne wakanifundisha kusikia. Sikuchukua maneno yao. Neno la mtu lina mwenyewe, siku moja angepita mtu wa kwao sokoni akalitambua. Nilichukua sauti tu, nikazikata vipande na kuvishona upya. Wimbo nikauita kaatti. Nyimbo, kaattilu. Ndani ya wimbo, kaattissu. Kutoka katika nyimbo, kaattilutta. Mchele ukawa mallu, ngoma ikawa tuunne. Chochote ambacho Kiswahili kinakitanguliza mbele ya neno mimi nilikipeleka nyuma, na kitendo nikakiweka mwisho kabisa, hata msikilizaji asijue nani amefanya nini mpaka mwenye kusema amalize pumzi. Mfini alikuwa mkali. Nikimletea neno analionja kama anaonja chumvi. "Hili hapana. Hili linakimbia. Kaza." Nakaza. Fundi naye ananishika kidevu kwa kidole kimoja, kwa adabu, ananionyesha ulimi unapokaa.

Ndugu yangu ndiye alikuwa akiandika. Alinifuata kwa miaka miwili, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na ndiye mpigaji wa ngoma kubwa ya chama. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, na kwa zile sauti za kukunja ulimi tukatunga nukta tatu chini ya herufi. Daftari likajaa. Jioni tukikaa uani tunasemezana, yeye anakosea makusudi ili nimkaripie.

"Dada, umesema mchele umepanda juu ya ngoma."

"Nimesema mchele uwekwe kwenye ngoma."

"Basi ngoma yetu italia pilau."

Mama ndiye wa kwanza kuchukia. Siku moja alituacha tumalize, akafuta mikono, akasema, "Hayo mkayaseme nje. Ndani ya nyumba yangu wanasema watu." Nikadhani ni uzee. Kisha jirani akaacha kuja kuomba moto wa jiko letu. Mtoto wake akinisikia naimba anajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Na fundi mwenyewe, siku tulipomwalika asikie wanawake wanavyofanya mazoezi, alisimama nje ya ua, uso wake ukabadilika. Nilipomuuliza kama amependa, akasema, "Nasikia kama mama yangu ananiita kutoka chumba cha pili. Naenda, chumba kitupu." Hakuja tena mazoezini. Mfini hakuwahi kuzisikia nyimbo; alipata meli mwanzo wa Ramadhani akaondoka. Aliniachia kisu kidogo na salamu kwa mama.

Kingi alipoisikia lugha alifumba macho. Akasema isifundishwe chama kizima, wafundishwe watu wachache wa kushika siri, na wengine wasomewe nyimbo kama kasuku siku tatu kabla. Tukawa kumi na mmoja. Mimi na ndugu yangu, Kingi, mwanawe ambaye ndiye Jemadari, karani wa chama aliyefanya kazi forodhani, shoga yangu tuliyekua naye kisima kimoja na ndiye kiongozi wa waimbaji, na wengine watano.

Alhamisi moja baada ya alasiri tukala yamini nyumbani kwa Kingi, mkono juu ya msahafu. Maneno aliyatunga yeye. Atakayeifasiri lugha hii kwa asiye miongoni mwetu, macho yake yazimike na uzazi wake ukatike. Yamini kwa ajili ya ngoma! Watu wazima, wenye akili zao, tukaapa kizazi chetu kwa ajili ya nyimbo za kuwasuta majirani. Ngoma wakati ule haikuwa mchezo kwetu, hilo sharti nilikiri, la sivyo hakuna atakayeelewa lililofuata.

Ndugu yangu peke yake aliuliza. "Baba, na kama mtu ataulizwa na serikali?"

Kingi akatabasamu. "Serikali itauliza nini, mwanangu, kuhusu lugha ambayo yenyewe haijui kama ipo?"

Idi ikaja. Ndugu yangu alikuwa amechora ukurasa mmoja wa njia tutakazopita, amepiga mistari kwa chaki na rula ya ushonaji, imenyooka kama ramani ya kijeshi. Penye kila kituo akaandika kwa lugha yetu, mimi nikimtajia maneno, nani atasimama na wimbo gani utaimbwa. Kituo kimoja kilikuwa nje ya banda la wenzetu huko Ilala. Huo ndio ukurasa wenyewe, na sote kumi na mmoja tuliukariri kwa kichwa.

Tulishinda. Nakumbuka watu wa pembeni ya soko walivyonyamaza tulipoanza, maelfu ya watu na hakuna anayekohoa. Walizoea kusutwa kwa maneno wanayoyajua. Safari hii walisutwa na kitu wasichokijua, na hawakujua hata wakasirike wapi. Mzee mmoja akasoma ayatul kursi kwa sauti. Wanaume wetu wote walivaa nguo nyeupe, mshipi mwekundu begani, kofia zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Kwa mtazamaji wote walikuwa mtu mmoja. Ndugu yangu alikuwa katikati ya duara, anapiga ngoma kubwa, mimi nikiwa hatua kumi kutoka kwake. Kama saa tisa hivi tukaona moshi upande wa Ilala.

Banda lilikuwa la makuti. Liliungua kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Ndani alikuwa mlinzi wa ngoma zao, mzee asiyesikia vizuri, kalala mchana kwa uchovu wa mfungo. Alipotolewa hakuwa hai.

Wale wa chama cha pili waliona watu wenye nguo nyeupe na mshipi mwekundu wakikimbia. Sura hawakuziona. Lakini mmoja wao alijua kwamba ndugu yangu ndiye mwandishi wa daftari la ajabu, na kesho yake askari wakaja barazani, wakafungua mtoto wa meza ya cherehani, wakalikuta. Wakalifungua penye mchoro. Banda limechorwa, mstari unakwenda mpaka mlangoni pake, na pembeni kuna maandishi ambayo mkalimani wa mahakama, mtu aliyesoma Kiarabu mpaka Zanzibar, aliyatamka yote vizuri na hakuelewa hata neno moja. Nasikia alilirudisha daftari mezani kwa ncha za vidole.

Wakamchukua ndugu yangu. Wakamuuliza maandishi yanasema nini. Akasema ameapa.

Hapo ndipo mimi naingia katika orodha ya wenye makosa, na sijitoi. Nilikaa siku nane. Nilijua kusoma ukurasa ule kungemtoa, nilikuwa nimeutunga kila neno, na nilikaa siku nane kwa kuogopa macho yangu na tumbo langu. Kingi alikuja siku ya tatu, akakaa mkekani, akamwambia mama mambo yatakwisha yenyewe, hawana ushahidi wataona haya wamwachie. Alileta gunia la mchele. Mama alilipokea. Niliula mchele ule, na ulikuwa mzuri.

Siku ya tisa nikaenda kumwona ndugu yangu. Alikuwa amekonda shingo. Nikamwambia nakwenda kwa hakimu.

"Umeapa, dada."

"Najua nilivyoapa."

"Na ukisoma, wanamchukua mtoto wa Kingi. Unajua?"

"Ndiye aliyechoma?"

Akaniangalia. "Ndiye niliyemwandika pale," akasema.

Hakimu alikuwa Mwingereza mwenye nywele chache, aliyekaa nchi za Waarabu kabla ya kuja kwetu. Kiswahili alikijua cha kutosha. Akanipa daftari. Nikasoma ukurasa wote kwa lugha yetu, kisha kwa Kiswahili. Ngoma kubwa na mpigaji wake, ndugu yangu, mbele ya soko, wimbo wa pili na wa tatu, asiondoke mpaka wenzake warudi. Jemadari na vijana wanne, nje ya banda la Ilala, waimbe wimbo wa kwanza, wasiguse kitu, warudi. Hiyo "wasiguse kitu" ndugu yangu aliipigia mstari.

Hakimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Akasema, "Umesoma bila kusita. Lakini wewe ni dada yake, na lugha ni yako. Ungeniambia hapa pameandikwa namna ya kupika wali, ningekupinga kwa nini? Niletee mtu mmoja zaidi anayeijua. Mmoja tu. Nitamweka chumba cha pili na daftari hili. Akisema ulilosema wewe, ndugu yako anarudi nyumbani." Ilikuwa Alhamisi. Akanipa mpaka Jumatatu.

Watu tisa walikuwa nje, mmoja angetosha. Nilitoka pale nakaribia kukimbia.

Karani nilimkuta anatoka forodhani, kalamu sikioni. Hakusimama, ikabidi nimfuate kwa miguu. "Dada yangu, mimi mtu wa serikali. Nikionekana nilikuwa katika mambo ya siri, kazi imekwenda. Tena nimeapa." Wale watano, mmoja alikuwa amesafirishwa Kilwa ghafla, wawili waliwatuma wake zao waniambie hawapo huku naona viatu vyao mlangoni. Wa nne alilia. Wa tano alinifukuza, akasema nimeshajilaani, nisimpake na yeye laana yangu.

Ijumaa nikaenda kwa shoga yangu. Alikuwa uani anapepeta mchele. Nilikuwa na hakika naye hata sikupanga maneno.

"Shoga, Jumatatu twende kwa hakimu. Ukurasa mmoja tu."

Akaendelea kupepeta. "Nina mimba," akasema.

"Tangu lini?"

"Ya miezi mitatu. Mbili za kwanza unajua zilivyokwenda."

Nilijua. Nilikuwa nimemshika mkono mara zote mbili.

"Yamini ile ni ya mtu mmoja, si ya Mungu," nikasema. "Aliitunga Kingi kwa kinywa chake."

"Mkono wangu ulikuwa juu ya msahafu, si juu ya kinywa cha Kingi." Akaweka ungo chini. "Wewe umeshaivunja yako. Usinitafute mimi niwe mwenzio."

"Ni ndugu yangu yule. Umekua naye."

"Na huyu ni wangu," akasema, na hakushika tumbo wala hakulia. Akauinua ungo.

Jumamosi nikaenda dukani kwa Kingi. Jemadari alikuwa amekaa juu ya gunia, mkono wake wa kulia amefunga kitambaa, na aliponiona akauficha chini ya kanzu. Nikaamkia, Kingi akaitikia marahaba vizuri kama siku zote. Akamwambia mwanawe aingie ndani. Kisha akanena bila kuzunguka, kwa sauti ile ile ya kuuzia kanga: "Binti, wako akifungwa atakula miaka akatoka, maana hawana shahidi wa macho. Wangu ameonekana na wale vijana wanne. Ukurasa ukisomwa, mmoja wao atabanwa atasema. Wangu ni kamba. Na mimi nina huyu mmoja."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua tangu aliporudi ananuka moshi."

"Na unaniambia?"

"Kwa nani mwingine utakwenda kulisema?" akasema. "Wewe na mama yako hamtakosa kitu maadamu mimi ni hai."

Jumapili fundi Mtamili alikuja kwetu mwenyewe. Habari zilikuwa zimefika Gerezani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia mama pole, kisha akaniambia, "Nifundishe huo ukurasa. Sauti ninazo. Nitasema."

Mama akasema, "Mwachie mtu wa watu."

Mimi sikumwachia. Tangu asubuhi mpaka magharibi nilimsomesha. Hakuijua lugha, hata neno moja halikuwa na maana kwake mpaka nilipomwambia. Lakini kinywa chake kilikuwa nyumbani kwake. Alisema ukurasa ule vizuri kuliko ndugu yangu, vizuri kuliko mimi. Nikamfundisha na Kiswahili chake, kituo kwa kituo. Sikumwona kama shahidi wa uongo. Maneno yalikuwa ya kweli, yote. Nilikuwa nimeyaandikisha mwenyewe.

Jumatatu hakimu akamweka chumba cha pili, mlango wazi, mimi nikiwa benchini namwona. Akampa daftari. Fundi akatafuta mchoro, akaupata, akaanza. Alianza vizuri. Huku anasema akawa anafuatisha maandishi kwa kidole, ili aonekane anasoma. Kidole kikatoka kushoto kikaenda kulia.

Herufi zile zinasomwa kutoka kulia. Mtoto wa siku mbili chuoni anajua. Katika kumsomesha kutwa nzima halikunijia hata mara moja kwamba yeye hajui, kwa kuwa mimi sikuwahi kuona maandishi yanayoanza upande mwingine yakanihusu.

Hakimu hakumkatisha. Alimwacha afike mwisho, Kiswahili chote, bila kosa. Kisha akafungua ukurasa mwingine wowote akauweka mbele yake. "Na huu?"

Fundi akautazama. Akanitazama mimi. Akafunga daftari taratibu akaliweka mezani.

Hakimu akaja mpaka penye benchi. Sikuona hasira usoni mwake. "Alhamisi nilikuamini nusu," akasema. "Sasa sijui hata ile nusu niiweke wapi."

Ndugu yangu alipata miaka saba na kazi ngumu, bara. Fundi alifukuzwa karakana kwa kudanganya mahakama, na kabla ya mwezi kwisha alipanda meli ya deki kurudi kwao. Nilimpelekea chakula cha mwisho. Alikula chote, akanishukuru, hakunilaumu. Katika watu wote niliowataja humu yeye peke yake alikuja, na yeye ndiye niliyemwangamiza kwa mikono yangu.

Siku ya kuwasafirisha wafungwa tulikwenda stesheni, mimi na mama. Walifungwa pingu wawili wawili. Nikamwita kwa lugha yetu, nikamwambia nisamehe, kwa maneno ya kuzunguka, maana sikuwa nimetunga neno lenyewe. Akageuka. Akajibu kwa Kiswahili, kila mtu asikie: "Mpeleke mama kivulini, dada." Akapanda. Mwaka wa pili tukaletewa habari kwamba amekufa kwa kuhara. Kaburi lake sijaliona.

Kingi alikufa kitandani pake, kazungukwa na watu wake. Jemadari amekwenda Makka, ana maduka matatu, mkono wa kulia bado una kovu linalong'aa, na watu wakimuuliza husema ni mafuta ya sambusa. Karani alipanda cheo. Mimi macho yangu mazima. Watoto sikupata, na mtaa una sababu yake unayoisema. Mimi sijui, na nimeacha kutaka kujua.

Shoga yangu alijifungua salama, mtoto wa kiume. Wiki zilipofika habari za kifo cha ndugu yangu, alikuja, mtoto mgongoni. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya ungo. Akakaa mkekani, hakutoa pole. Akaanza kuusoma ukurasa kwa kichwa, kwanza kwa lugha yetu, halafu kwa Kiswahili, kituo baada ya kituo, ngoma kubwa mbele ya soko, Jemadari nje ya banda, wasiguse kitu. Alikuwa hajasahau hata neno moja. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia aondoke, na mtoto wake.